Mifupa haijengwi kwa chupa ya dawa

Mkazi wa kata ya Mbebe, wilayani Ileje, hahitaji kufundishwa thamani ya mfupa mzima. Katika wilaya hiyo ya vilima, inayopakana na Malawi, kulima, kuteka maji, kubeba kuni na kupeleka mazao sokoni ni kazi za miguu na mgongo. Mzee anapoteleza na kuvunjika nyonga haumii peke yake. Nyumba nzima hupungukiwa na nguvu kazi, na mara nyingi mama au binti huacha shughuli zake ili amuuguze.

Kwa sababu hiyo, haishangazi kuona dawa za Kichina zinazosemekana kuimarisha mifupa zikipata wateja. Watumishi wa serikali na walimu, ambao wana mshahara wa kila mwezi, ndio wanaofuatwa zaidi na wauzaji. Inafaa basi suala hili litazamwe kwa haki, bila ya dharau na bila ya kusifu ovyo.

Mfupa ni kiungo hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu ya mfupa wa zamani na kujenga mpya. Mpaka umri wa miaka 30 hivi, ujenzi huzidi ubomoaji. Baada ya hapo mizani huanza kugeuka. Kwa wanawake, upungufu huongezeka kasi mara hedhi inapokoma, yapata umri wa miaka 50, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa hupungua. Ugonjwa huu hauumi wala hautangazi kuja kwake. Wengi huutambua siku mkono, nyonga au uti wa mgongo unapovunjika kwa pigo dogo tu.

Hakuna sababu ya kuidharau elimu ya tiba ya Wachina. Madaktari wao walianza kuhudumu Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Tena ni Wachina walioshirikiana na Watanzania na Wazambia kujenga, kati ya mwaka 1970 na 1975, reli inayopita Tunduma. Dawa ya artemisinini, iliyo msingi wa mseto wa kutibu malaria unaotolewa katika zahanati za Tanzania, ilitokana na mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya Kichina. Mtafiti wake, Tu Youyou, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini historia ya artemisinini ina fundisho lake. Dawa hiyo haikukubaliwa kwa kuwa ni ya kale. Ilikubaliwa kwa kuwa ilichujwa, ikapimwa na kuthibitishwa. Kwa upande wa mifupa, waganga wa Kichina husema kwamba figo ndizo zinazotawala mifupa. Hutumia magome ya mti uitwao duzhong, na mzizi wa gusuibu, ambao jina lake lina maana ya kiunga mifupa iliyovunjika. Uchunguzi uliokwisha fanywa unatia matumaini kiasi, lakini mwingi ulihusisha watu wachache na haukufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Haujathibitisha kwamba mitishamba hiyo huzuia mifupa kuvunjika. Jambo la Kichina lenye ushahidi mzuri zaidi halinunuliwi kwa chupa: ni mazoezi ya taratibu yaitwayo taichi, ambayo huwapunguzia wazee hatari ya kuanguka.

Aidha, mitishamba si salama kwa sababu tu imetoka porini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake, waliharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene ambamo mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye sumu. Katika nchi mbalimbali, dawa zilizouzwa kama mitishamba ya maumivu ya viungo zimegunduliwa kuwa na steroidi iliyofichwa ndani yake. Steroidi huondoa maumivu upesi, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huila mifupa ile ile ambayo mnunuzi alitaka kuiokoa. Vivyo hivyo, mashine ndogo ya kushika mkononi haiwezi kupima uimara wa mfupa. Kipimo hicho hufanywa kwa mionzi hospitalini.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mnunuzi ana haki ya kuuliza usajili huo kabla ya kutoa fedha, na mwenye kukataa kuuonyesha hastahili kuaminiwa. Anayetumia mitishamba hana budi kumwambia daktari wake, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Juu ya yote, kinga iko karibu. Usipa wa Ziwa Nyasa ukiliwa mzima pamoja na miiba yake, maziwa, maharage na mboga za majani huupa mwili madini ya kujengea mifupa. Jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Kutembea na kubeba mizigo ya kadiri huuimarisha mfupa, na kuacha sigara na ulevi huulinda.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi wajifunze lishe katika vikundi, vijijini mwao. Moyo ule unafaa kufufuliwa. Mwalimu anayesimamia bustani ya mboga na chakula cha mchana shuleni anajenga mifupa ya watoto katika miaka ambayo haitarudi. Ofisa anayehimiza njia za zahanati na ngazi za ofisi zitengenezwe anawaepusha wazee na kuanguka. Naye mtumishi anayekaribia kustaafu afikapo umri wa miaka 60 azingatie kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba ukuta wa nyonga iliyovunjika hujengwa kwa gharama kubwa, tena si mara zote husimama.