Motokaa ya Mbio katika Theluji

Baadhi yenu mna mtoto au ndugu huko Ujerumani, naye pengine amejinunulia motokaa ya mbio, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kabla ya kuisifu picha yake, mwulizeni neno moja: je, ana tairi za majira ya baridi?

Maana mpira wa tairi za kiangazi huwa mgumu joto lishukapo chini ya nyuzi 7 hivi, wala haushiki barabara. Tangu mwaka 2010 sheria ya huko inakataza kuendesha kwa tairi hizo penye theluji au barafu.

Ninyi mnayajua matope ya masika. Barafu ni mbaya zaidi. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa penye kona, magurudumu ya nyuma huzunguka bure, na mkia wa motokaa hukimbilia pembeni. Hapo asipige breki kwa nguvu. Aondoe mguu polepole, ageuze usukani upande ule ule unakokwenda mkia, na macho yatazame njia, si mti anaouogopa.

Je, motokaa hizi hazifai kabisa? La, sivyo. Mwaka 1968 Mwingereza Vic Elford alishinda mashindano ya Monte Carlo kwa Porsche 911. Mota yake iko nyuma, na uzito wake huyagandamiza magurudumu yanayosukuma. Lakini kusimama ni shauri jingine. Hapo mota haisaidii. Husaidia tairi, na nafasi aliyoiacha mbele yake.