Jina la Simu Si Kipimo cha Skrini

Waundaji wa programu za simu wamezoea kuuliza jina la modeli kabla ya kupanga skrini. Katika kiigizi cha Apple, yaani programu inayoigiza iPhone ndani ya kompyuta, amri ya uname haitaji simu inayoigizwa bali prosesa ya kompyuta yenyewe: x86_64 au arm64. Modeli inayoigizwa hupatikana katika kigeu SIMULATOR_MODEL_IDENTIFIER. Hiyo, hata hivyo, ni nafuu ya majaribio tu. Kosa ni kulitegemea jina. iPhone X ilipotoka mwaka wa 2017, ikiwa na pengo juu ya kioo, haikuwamo katika orodha yoyote ya zamani. Programu iliyouliza eneo salama la skrini, lililoletwa na iOS 11 mwaka uo huo, haikuhitaji kuijua.

Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani hayo hayamhusu. Kitufe kilichokadiriwa kwa "Settings" huweza kuibana "Mipangilio" ikaishia nukta tatu, kisha lawama ikaangukia lugha, eti maneno yake ni marefu! Mfasiri na akifungue kiigizi mwenyewe, achague simu ndogo kuliko zote, asome kila kitufe.