Pikipiki ya Mwisho Iondoke Saa 11 Jioni

Ndugu zangu waendesha bodaboda wa Doma na Mikumi, wenye pikipiki mnaotukabidhi vyombo kwa hesabu, nanyi abiria mnaotugonga bega mkisema "twende tu, nimechelewa": nina neno nanyi. Nimelikalia mwaka mzima kwa aibu, na sasa nalisema.

Swala wa kwanza nilimwona vizuri. Alikuwa jike, ametokea kwenye majani upande wa kushoto, akasimama ukingoni mwa lami akiikodolea macho taa yangu, kisha akaruka akavuka. Nikashusha pumzi. Nikavuta mafuta tena. Wa pili ndiye aliyetuangusha.

Ilikuwa saa 1 kasoro dakika 10 jioni, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Nyuma nilimpakia mama mmoja wa Doma aliyekuwa anawahi msiba, ndoo ya nyanya kaiweka katikati yetu. Basi lilikuwa limempita. Mimi hesabu ya siku ilipungua shilingi 4,000, na safari ile ingeijaza na chenji ya unga ikabaki. Kofia ngumu nilikuwa nimevaa mimi. Ya pili ilining'inia kwenye usukani, sikumpa. Mama alivunjika nyonga. Mimi bega liliteguka na mkono ukachunika kuanzia kiwiko. Swala alijivuta kuelekea porini akiburuta mguu, na mpaka leo sijui aliishia wapi. Tulikaa pembeni ya lami karibu nusu saa, giza linaingia, nyanya zimetapakaa barabarani na malori ya Tunduma yanazisaga, kabla dereva mmoja wa semi hajasimama na kutuwashia taa.

Tangu siku ile nimewauliza askari wa hifadhi, nimewauliza na wazee waliokulia kando ya pori, na wote wananiambia jambo nililopaswa kulijua kabla ya kupata leseni. Swala pala hatembei peke yake. Majike na watoto huenda kundi moja, na mmoja akivuka, waliobaki nyuma huona wameachwa. Hapo humfuata kwa kuruka, bila kuangalia huku wala huku. Na mruko wake si wa mbuzi: anaweza kukata mita 10 hewani na kupanda karibu mita 3. Dume hufikia kilo 70. Mzigo huo ukiligonga basi, abiria husikia kishindo tu. Ukiwa juu ya pikipiki, kifua chako ndicho bampa.

Saa anazotoka kula ni zile zile tunazozikimbilia sisi. Jua likiwa kali hujipumzisha kivulini. Likianza kushuka, na alfajiri kabla halijapanda, husogea. Kando ya lami majani huchipua mabichi kuliko kwingine kwa sababu maji ya mvua hutiririkia pale kutoka barabarani, na pakiwa peupe humwona simba mapema. Jicho lake limeumbwa kukusanya mwanga hafifu. Taa ya ghafla humpofusha, akaganda pale pale, kisha akaruka upande wowote. Mimi niliposema moyoni "amepita", ndipo nilipokosea. Ukimwona mmoja, hesabu kwamba hujawaona watano. Punguza mwendo, shusha taa, subiri.

Sasa tutazame upande wetu. Vibao vya hifadhini vinasema kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kwa mwendo wa 70, pikipiki inakula mita 19 kila sekunde. Ubongo ukitambua na vidole vikaifikia breki, sekunde moja na nusu imekwisha na mita 29 zimekwenda. Ongeza mita 27 hivi za kusimama, na hizo ni kwa tairi nzima, lami kavu na breki zinazoshika. Kwa mwendo wa 50, jumla ni kama mita 35. Usiku wa leo peleka pikipiki yako kwenye uwanja wa mpira, mwambie mwenzako avae nguo ya kahawia na ahesabu hatua 50 kuelekea gizani, kisha washa taa umtafute. Nimelifanya jaribio hilo na watu wanane wa kijiwe chetu. Watano hatukumwona. Na pale uwanjani hapakuwa na semi linalokuja mbele na taa kali machoni mwetu.

Najua kuna mtu atasema mamlaka zifanye kazi yake. Zimefanya: matuta yapo, vibao vipo, na kuna bango la faini lenye orodha ya wanyama na bei ya kila mmoja kwa dola. Lakini matuta sisi tunayakwepa pembeni, tunajuana. Na faini haimrudishii mtu nyonga yake. Hizi kilomita 50 za barabara ya Morogoro kwenda Iringa zinapita ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964, isiyo na uzio. Swala hajaivamia barabara yetu. Anavuka uwanja wake wa malisho kama mama yake alivyovuka.

Kwa hiyo ninachoomba tunaweza kukifanya wenyewe, bila barua na bila kumsubiri mtu wa Dodoma. Pikipiki ya mwisho iondoke, iwe Doma au Mikumi, saa 11 jioni. Kwa mwendo halali, na matuta yake, hifadhi unaimaliza kwa muda wa kama saa moja. Aliyeondoka saa 11 atatokea upande wa pili jua lingalipo. Asubuhi, ya kwanza isianze kabla ya saa 1. Katikati ya hapo tufanye kazi.

Mtu mmoja hawezi, na hilo nimelionja. Nilipopona niliamua sivuki tena jioni. Wateja watatu waliondoka mbele ya macho yangu wakiwa nyuma ya wenzangu, nami nikalala na hesabu pungufu. Siwalaumu wenzangu, na wao wana watoto. Ndiyo maana wito huu naupeleka kwa kijiwe kizima na si kwa dereva mmoja mmoja. Tukikataa wote, hakuna anayemwibia mwenzake abiria. Na abiria aliyechelewa tusimwache amesimama: kila kijiwe kiwe na namba za makondakta na madereva wa Kenta wanaopita, tumtafutie nafasi, pikipiki ibaki.

Wenye pikipiki, nawaomba kwa heshima. Hesabu ikipungua kwa sababu kijana hakuvuka hifadhi gizani, msimnyang'anye mkataba. Liandikeni deni, atalilipa Jumamosi au siku ya mnada. Aliyenipa pikipiki mimi alipopigiwa simu jioni ile, swali lake la kwanza lilikuwa kama taa ya mbele imepona. Simtaji jina wala sina kisasi naye. Nasema ili mwingine asiulize hivyo.

Madereva wa malori, najua hofu ya kusimama porini usiku. Lakini mkiona pikipiki imelala na mtu yuko chini, simameni mbele kidogo, washeni taa zote za tahadhari, pigeni simu. Yule aliyesimama kwetu ndiye aliyezuia tusikanyagwe. Abiria wa mabasi, acheni kuwarushia nyani chapati na maganda ya ndizi dirishani; mnawafundisha wanyama kukaa barabarani, na sisi tunaokuja nyuma na magurudumu mawili ndio tunaowakuta. Na tuseme wazi: swala aliyegongwa si kitoweo. Kukutwa na nyama yake ni kesi ya nyara za Serikali, na mzoga ulioachwa lamini huwaita fisi na tai, nao hugongwa hapo hapo. Wapigieni askari wa hifadhi waje wauondoe.

Jumapili hii, saa 3 asubuhi, kabla kazi haijachanganya, kila mwenyekiti wa kijiwe aitishe kikao. Ajenda iwe moja, kila dereva aseme ndiyo au hapana mbele ya wenzake, na saa mtakayokubaliana iandikwe ubaoni abiria aisome kabla hajauliza nauli. Kwenye kikao cha Doma yule mama ameahidi kuja. Anatembea kwa gongo na hawezi kusimama muda mrefu, hivyo atakayewahi kufika amwekee kiti kivulini.