RISASI SI HAKIMU

Kurasa hizi tumezizoea kwa mashairi, vitendawili na vichekesho. Leo naomba mniruhusu nilete jambo zito kidogo, nalo ni habari ya askari kulifyatulia gari risasi kwa kuwa halikusimama kwenye kizuizi. Kila likitokea, utasikia watu wakisema, "Kwani kwa nini hakusimama? Anayekimbia ana lake jambo." Maneno hayo huzungumzwa sokoni, kwenye matatu na hata katika mabweni yetu. Mimi nayapinga, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kisa kinachojulikana dunia nzima. Usiku wa Jumapili, tarehe 23 Oktoba 2022, mwandishi wa habari kutoka Pakistan aitwaye Arshad Sharif alikuwa ndani ya gari katika kaunti ya Kajiado. Alikuwa ameikimbia nchi yake na kuja kujihifadhi kwetu Kenya. Polisi walikuwa wameweka kizuizi cha mawe madogo barabarani. Gari lilipita bila kusimama, wakalimiminia risasi. Moja ikampata Sharif kichwani, akafa.

Polisi walisema walikosea. Eti walikuwa wakitafuta gari lililoibwa Nairobi, na ndani yake kulikuwa na mtoto aliyetekwa. Sasa nawauliza, ndugu zangu, gari lililoripotiwa kuibwa lilikuwa la aina ya Mercedes, na lile lililopigwa risasi lilikuwa Toyota Land Cruiser. Hayo yanafananaje? Na kama kweli askari aliamini kuna mtoto mdogo ndani, alikuwa akimpiga nani? Risasi haina macho ya kuchagua mwizi ikamwacha mtoto. Wapelelezi waliotumwa na Pakistan wao walisema hayo hayakuwa makosa bali mauaji yaliyopangwa. Hayo ya kupangwa siyaingilii hapa. Nasema hivi: hata tukichukua maneno ya polisi kama walivyoyatoa wenyewe, bado hayatoshi.

Mahakama nayo iliona hayatoshi. Mjane wa Sharif, akiungana na vyama vya waandishi wa habari wa Kenya, alipeleka kesi katika Mahakama Kuu ya Kajiado. Tarehe 8 Julai 2024, Jaji Stella Mutuku aliamua kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria na yalivunja haki ya marehemu ya kuishi. Aliamuru familia ilipwe shilingi milioni 10, na uchunguzi ukamilishwe ili wahusika wachukuliwe hatua. Hakimu wa kweli, akiwa ameketi mchana na karatasi mbele yake, alichukua muda mrefu kupima jambo ambalo mwenye bunduki alilipima kwa nukta chache gizani.

Pengine mtu atasema, "Kajiado ni mbali, sisi wa Isiolo yatuhusu nini?" Yatuhusu sana! Hebu fikirini habari ya yale mawe. Sisi tulio kwenye barabara ya kaskazini tunajua mawe barabarani usiku yana maana gani. Kabla ya lami kufika Moyale, magari yalikuwa yakitoka Isiolo kwa msafara, polisi wenye bunduki mbele na nyuma, kwa kuhofia majangili. Waulizeni madereva wa malori ya ng'ombe. Dereva akiona mawe au mti umelazwa njiani gizani, na watu wenye bunduki wamejitokeza kichakani, hasubiri kuulizwa jina. Hukanyaga mafuta. Hafanyi hivyo kwa kuwa ni mwizi, bali kwa kuwa anawaogopa wezi. Basi yule asiyesimama aweza kuwa mtu mwema kabisa aliyeogopa. Aweza kuwa na mgonjwa garini anayemkimbiza hospitali. Aweza kuwa na breki mbovu. Na ndiyo, aweza pia kuwa mhalifu. Lakini kutoka pale aliposimama askari, wote wanne wanafanana!

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Kutosimama ni sababu ya kufuatwa na kuulizwa, si ushahidi wa hatia, na wala si hukumu. Hata mwizi aliyethibitishwa kuwa mwizi wa gari hanyongwi na mahakama zetu kwa wizi huo. Vipi basi auawe barabarani mtu ambaye hata jina lake halijajulikana?

Wala sheria haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, inamwamuru askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Miongoni mwa sababu zinazoruhusu bunduki ni kuokoa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Kabla ya kufyatua lazima ajitambulishe na kutoa onyo wazi, na ampe mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa pale ambapo kungoja kutamtia mtu katika hatari ya kifo au madhara makubwa, au onyo halitakuwa na maana katika hali ile. Akimjeruhi mtu lazima amsaidie apate matibabu. Akiua, lazima ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, ijulishwe mara moja. Na kusema "niliamriwa na mkubwa wangu" si kinga.

Siwatukani polisi. Askari naye ni mtoto wa mtu, na huku kwetu kazi yake ni ya hatari. Mwaka 2012, huko Baragoi katika kaunti jirani ya Samburu, makumi ya polisi waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mwenye kukesha kizuizini usiku, baridi na usingizi vikimtesa, naye anaogopa kama dereva anavyoogopa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa sheria: waoga wawili wakikutana gizani, na mmoja ana bunduki, pawe na kitu cha kumzuia.

Tena yapo ya kufanya. Kizuizi cha usiku kiwe na taa, na askari avae sare na koti linalong'aa ili ajulikane kutoka mbali. Mawe matupu yasiitwe kizuizi. Gari likipita, namba yake iandikwe na kituo cha mbele kiitwe kwa redio. Litakimbilia wapi? Likitoka Isiolo kwenda kaskazini litapita Archer's Post, Laisamis na Marsabit. Gari halina mabawa. Na sisi abiria tuwahimize madereva wasimame wanapoona sare na taa, badala ya kuwachochea wakimbie.

Jambo la mwisho ni ujasiri wa kusema. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi mkononi na polisi aliyemsimamisha barabarani huko Machakos. Hakufa, akapeleka malalamiko IPOA. Mwezi Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Ilichukua mpaka Februari 2023 kwa Mahakama Kuu kumhukumu kifo afisa yule aliyelalamikiwa, na kuwafunga wenzake watatu. Haki ilikuja, lakini ilikuta watu watatu kaburini. Ndiyo maana raia wengi hufyata ulimi. Na tukifyata ulimi sote, anayelalamika atabaki peke yake, na aliye peke yake ni rahisi kunyamazishwa.

Basi napendekeza hivi kwa wanachama wenzangu. Jedwali lile la Sita limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Sisi ni Chama cha Kiswahili. Tulitafsiri kwa lugha ambayo dereva, utingo, mama muuza miraa na askari mwenyewe wataielewa, tulibandike kwenye ubao wetu wa matangazo, na nakala tuombe ruhusa ya kuipeleka stendi ya magari. Lugha isiyomsaidia mtu kujua haki yake ni ya kupambia sherehe tu.

Waliotutangulia walisema maji yakimwagika hayazoleki. Damu ndiyo haizoleki kabisa. Milioni 10 haikumrudisha Sharif kwa mkewe. Askari akikosea kuandika namba ya gari, atafuta aandike upya. Akikosea kwa risasi, hakuna kifutio.