Hesabu hizi zina mtu ndani yake

Wanaosema hesabu za makaratasi hazimjui mgonjwa wanasahau tulikotoka. Mwaka 1996 watafiti Alan Perelson, David Ho na wenzao walikokotoa kuwa mwili wa aliyeambukizwa VVU huzalisha virusi takriban bilioni 10 kwa siku. Kwa wingi huo, badiliko moja la kuishinda dawa moja hutokea kila siku. Mabadiliko matatu kwa mpigo ni nadra mno. Ndiyo maana kidonge kimoja cha ARV leo mara nyingi hubeba dawa tatu.

Ni kweli, hesabu nazo zimewahi kukosea. Mwaka 1997 zilikadiria kuwa miaka miwili au mitatu ya dawa huenda ingevimaliza virusi, kumbe vingine hujificha ndani ya seli zilizolala, kwa miongo. Lakini kosa halikuwa kwenye kukokotoa, bali kwenye kilichoachwa nje. Vivyo hivyo, ukiyapa uzito madhara ya dawa na kusahau madhara ya virusi vikirudi, hesabu itakushauri upumzishe dawa. Utafiti wa SMART ulilijaribu wazo hilo la kupumzisha; ukasitishwa mwaka 2006 kwa sababu waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi. Unayetumia ARV, tafadhali usiziache kwa kuwa unajisikia mzima.