Magadi ya Maharage na Maisha ya Sayari Nyingine

Haya ndugu msomaji, leo siasa zikae pembeni kidogo. Tuongee magadi. Ndiyo, magadi yale yale anayoweka mama kwenye maharage ili yaive haraka, yale ya mlenda, yale ambayo babu huchanganya na ugoro. Kama hujui magadi yanahusiana vipi na swali la kama tuko peke yetu katika ulimwengu huu, kaa mkao wa kusoma.

Tarehe 24 Septemba 2023 kapsuli kutoka chombo cha Marekani kiitwacho OSIRIS-REx ilitua kwenye jangwa la Utah. Ndani yake mlikuwa na gramu 121.6 za vumbi na vijiwe kutoka Bennu, jiwe la angani lenye upana wa kama nusu kilomita linalozunguka Jua. Januari 2025 watafiti wakatoa matokeo katika majarida ya Nature na Nature Astronomy. Walikuta asidi amino 14 kati ya zile 20 ambazo miili yetu hutumia kujenga protini. Walikuta pia chumvi za aina mbalimbali zilizobaki baada ya maji kukauka, mabilioni ya miaka iliyopita, katika jiwe kubwa zaidi ambalo Bennu ni kipande chake. Mojawapo ya chumvi hizo inaitwa trona.

Trona ni nini? Ni magadi, jamani. Ndiyo madini yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya tangu enzi za mkoloni.

Na si Bennu tu. Chombo cha Dawn kilipofika kwenye sayari kibete ya Ceres mwaka 2015 kilikuta madoa meupe yanayong'aa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba yana sodiamu kaboneti kwa wingi. Huo ni ukoo ule ule wa magadi. Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali, una bahari chini ya barafu, na maji yake yanaruka angani kama chemchemi. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya mvuke huo, na vipimo vyake vinaonyesha kuwa bahari ile ina chumvi pamoja na kaboneti, yaani maji ya jamii ya magadi. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba chembe za barafu zake zina fosfeti, kitu ambacho kila kiumbe hai tunachokijua kinakihitaji.

Sasa jiulize. Mtu akitaka kujua kama kitu kinaweza kuishi kwenye maji ya namna hiyo, aanzie wapi? Kwenda Enceladus ni safari ya miaka mingi na mabilioni ya dola. Kwenda Ziwa Natron ni kupanda gari Arusha.

Hii ndiyo kazi ya watu wanaotafuta uhai nje ya Dunia, ambayo wengi wetu hatuijui. Tunadhani wanakaa na darubini usiku kucha. Wengi wao wanazunguka hapa hapa duniani, kwenye sehemu ambazo sisi tunaziita zimekufa: jangwa la Atacama kule Chile, mabonde makavu ya Antaktika, chemchemi za moto, maziwa ya chumvi. Wanauliza maswali matatu. Nani anaishi hapa? Anaishije? Na akifa anaacha alama gani ambayo chombo kilichotua mbali kinaweza kuitambua?

Natron na Magadi zina majibu mengi. Maji yake yana pH ya 10 na zaidi, na ngozi yako itakwambia. Lakini kuna samaki mdogo wa jamii ya perege anayeishi kwenye chemchemi za moto za Ziwa Magadi. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia, lakini kwenye maji kama yale amonia haitoki mwilini kirahisi, hivyo yeye hutoa urea, kama wewe na mimi. Kuna kijidudu kinachopenda chumvi na magadi kwa pamoja, na jina lake la kisayansi ni Natrialba magadii. Neno letu la jikoni limo kwenye vitabu vya sayansi dunia nzima! Na heroe wadogo, au flamingo kama wengi tunavyowaita, huzaliana kwa wingi Natron kuliko mahali pengine popote duniani.

Ila tusishangilie haraka. Kule Dallol, Ethiopia, kwenye Bonde la Ufa hili hili, kuna madimbwi ya rangi za njano na kijani yenye asidi kali na chumvi nyingi mno. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti lilisema limeona vijidudu vidogo sana mle. Miezi michache baadaye kundi lingine likasema kwenye madimbwi yale makali zaidi hakuna uhai, na kwamba baadhi ya vitu vinavyofanana na chembe hai ni madini ya silika tu yaliyojiumba hivyo. Ona hilo! Watu wamesimama pembeni ya dimbwi, wana maabara, na bado wanabishana. Roboti iliyoko Mirihi itatuambia nini? Ndiyo maana Dallol ni shule. Inafundisha kwamba maji peke yake hayatoshi, na kwamba umbo linaweza kudanganya.

Najua kuna mdau anasema: "Wewe mwandishi, umeme unakatika, maji hayatoki, unatuletea habari za Zohali?" Swali la haki, na nina majibu mawili.

Kwanza, mambo haya yana hela. Katika miaka ya 1960 Thomas Brock alikuwa akichunguza chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, bila kutafuta utajiri. Humo kikapatikana kijidudu Thermus aquaticus, na kimeng'enya chake ndicho kilichofanya vipimo vya PCR viwezekane, vile vile tulivyopimwa Uviko-19. Karibu na nyumbani, mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai mgao wa faida ya vimeng'enya vya kufifisha rangi ya jinzi, ambavyo asili yake ni vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Kenya. Sisi tulikuwa tunanunua jinzi.

Pili, kuna hatari ya kupoteza kitu kabla hatujakijua. Miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron. Kelele zikapigwa kuhusu heroe, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa. Baadaye macho yakahamia Engaruka. Mimi sipingi uchimbaji, vijana wanahitaji kazi. Ninachosema ni kwamba katika mabishano yote yale tulihesabu ndege, kwa sababu wanaonekana na watalii wanawapenda. Vijidudu havina mtetezi. Kabla ya kuchimba popote, tathmini ya mazingira itaje vijidudu vilivyomo, na sampuli zihifadhiwe hapa hapa nchini.

Wenzetu wa Kenya wameanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wamechapisha kazi kuhusu vijidudu vya maziwa yao. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, karibu kabisa na Natron. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti hahitaji roketi. Anahitaji chupa safi, kipima pH, hadubini, nauli, na mwalimu wa kumwambia kwamba swali lake ni kubwa.

La sivyo, siku ikitangazwa kwamba kuna uhai kwenye bahari ya Enceladus, tutasoma kwamba walioutambua walijifunzia Natron, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwetu. Vyuo vyetu vinasemaje? Nawasilisha hoja.