Lugha na Maana Zake: Neno "Baba"

Katika masoko ya Rongo na Oyugis husikika lugha nyingi kwa siku moja. Mjaluo huuza samaki, Mkisii huleta ndizi kutoka milimani, Mkuria hufika kutoka upande wa Kehancha, na Msuba huvuka maji kutoka Mfangano. Kiswahili huwaunganisha wote. Hata hivyo, mtu hujifunza Kiswahili huku lugha ya mama yake ingali kinywani mwake, na maneno mafupi ndiyo hasa yanayomkosesha njia, maana hakuna anayedhani kwamba neno fupi lahitaji kuelezwa.

Litazamwe neno "baba". Kila mtoto wa shule ajua kwamba kwa Kiswahili maana yake ni mzazi mwanamume. Wajaluo nao huwaita wazazi wao hivyo, ingawa lugha yao ina neno lake la asili, "wuora", yaani baba yangu. Wafuasi wa Raila Odinga walimwita "Baba" kwa miaka mingi, na katika Homa Bay na Migori hakuna aliyeuliza anayetajwa ni nani. Lakini msafiri akivuka mpaka na kuingia katika nchi ya Wakisii, atamsikia mtoto akimwita "baba" mwanamke aliyemzaa. Kwa Kikisii "baba" ni mama, na mzazi mwanamume huitwa "tata".

Neno hilo "tata" nalo lina mambo yake. Kwa Kiswahili tata ni jambo lililofungamana, gumu kufumbuliwa, na ndipo hutoka neno matata. Kwa Kikuyu "tata" ni shangazi au mama mdogo. Lakini kwa Waganda, kwa wasemao Kilingala katika Kongo, na kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, ni baba. Ndiyo sababu watu wa nchi ile walimwita Nelson Mandela "Tata". Wataalamu wa lugha za Kibantu huliona kuwa neno la kale sana, lililosafiri pamoja na watu tangu zamani. Basi Wakisii hawakupotoka. Wamelishika neno la kale la mzazi mwanamume, na "baba" wakampa mzazi mwanamke.

Nje ya Afrika neno "baba" limetembea vivyo hivyo. Kwa Waturuki na Wachina ni baba, kama lilivyo kwa Wayoruba wa Naijeria na Wazulu. Kwa Warusi ni mwanamke wa makamo au kikongwe, na kwa Wabulgaria ni bibi mzaa mzazi. Kwa Wajapani ni mwanamke mzee, na kumwita mtu hivyo mbele yake ni utovu wa adabu. Hata neno "mama" halikusalimika: katika nchi ya Jojia "mama" ni mzazi mwanamume, na mzazi mwanamke huitwa "deda".

Je, mataifa haya yaliazimana neno? La. Mturuki na Mzulu hawakukutana kisimani. Mwaka wa 1959 mtaalamu wa Marekani, George Peter Murdock, alikusanya majina 1,072 ya wazazi kutoka lugha za pande zote za dunia, akaona yafanana kupita kiasi cha bahati nasibu. Mwaka uliofuata ilitolewa makala ya Roman Jakobson iliyoeleza sababu yake. Mtoto mchanga aanzapo kujaribu sauti, zilizo rahisi kwake ni zile za midomo, yaani m, b na p, pamoja na irabu a, kwa kuwa hahitaji ila kufunga kinywa na kukifungua. Hutamka "mama", "baba", "papa", "tata" bila kumkusudia mtu. Wazazi wamsikiao hufurahi, na kila mmoja husema, "Ananiita mimi." Basi sauti hutoka kwa mtoto, na maana hutoka kwa wakubwa. Kila kabila liligawa sauti hizo kwa desturi yake, na hakuna linaloweza kulicheka jingine.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Tuseme bibi mmoja wa Kikisii amemleta mjukuu wake hospitali iliyo upande wa Migori. Karani amwuliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?" Bibi, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, ajibu kwa huzuni kwamba baba amekufa. Yeye amtaja binti yake. Karani aandika kwamba mzazi mwanamume amefariki. Hakuna aliyesema uongo, lakini karatasi sasa yasema uongo. Miaka ikipita, mtoto atakapohitaji msaada wa karo, au urithi wa shamba utakapoamuliwa, karatasi ile itasadikiwa kuliko kinywa cha bibi. Mwanamume aliye hai ataambiwa kuwa amekufa, na mama aliyekufa hataonekana popote katika kumbukumbu.

Kijaluo nacho kina mtego wake. "Wuon nyathi" ni baba wa mtoto, lakini "wuon dhiang'" ni mwenye ng'ombe na "wuon ot" ni mwenye nyumba. Mkalimani mwenye haraka aweza kumfanya mwenye mali kuwa mzazi, au mzazi kuwa mwenye mali. Katika kesi ya mifugo au ya ardhi, tofauti hiyo yatosha kumshindisha mtu au kumwangusha.

Sheria imeliona jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa mshtakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mkulima asione haya kuidai haki hiyo kwa kuogopa kuonekana mshamba. Kukijua Kiswahili cha sokoni si sawa na kujitetea kwa Kiswahili mbele ya hakimu.

Lakini ofisini na hospitalini, ambako mara nyingi mkalimani hayupo, uangalifu ni wa pande mbili. Karani asitosheke na neno moja. Na aulize jina la mzazi, na kama ni mwanamume au mwanamke, kisha amsomee msemaji yaliyoandikwa kabla ya kupiga muhuri. Naye mwenye shida asitie sahihi wala alama ya kidole mpaka asikie maneno yake yamesomwa, na kila amtajaye amtaje kwa jina lake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili tu, na kuisahihisha karatasi iliyokosewa huenda kukahitaji viapo, nauli na miezi mingi ya kungoja.

Wazee walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika nchi yenye lugha nyingi kama hii, ni heri maana iulizwe na iambiwe, hasa ya yale maneno ambayo kila mtu adhani anayajua.